Pioneering Spirit: meli ya kutandaza mabomba, kwa jicho la mchomeleaji

Meli ya Pioneering Spirit ya kampuni ya Allseas, yenye urefu wa mita 382, ninaipima kwa kazi yake ya TurkStream, yaani mabomba mawili ya gesi yaliyotandazwa chini ya Bahari Nyeusi kutoka Anapa, Urusi, hadi Kıyıköy, Uturuki, kila moja likiwa na takriban kilomita 930. Mimi ni mchomeleaji wa nchi kavu, kwa hiyo nilichotafuta katika picha na maelezo ya kazi hiyo ni weldi.

Bomba lina kipenyo cha sentimita 81 na ukuta wa milimita 39. Mtu angedhani unene huo ni wa kuzuia gesi isilipasue, kumbe katika kina cha mita 2,200 linaloogopwa zaidi ni maji: bomba hushushwa likiwa tupu, na mgandamizo wa nje, unaozidi ule wa hewa mara 200 na ushei, ungeweza kulibana likawa bapa. Kiungio cha ukuta mnene hivyo hakijazwi weldi kwa mkupuo mmoja. Ndani ya meli, vipande vya mita 12 huunganishwa kwanza viwili viwili, kisha huingizwa kwenye mstari mkuu, ambako kila kiungio husogezwa kituo hadi kituo, kila kituo kikiongeza tabaka lake, hadi kwenye ukaguzi wa mawimbi ya sauti unaotoa jibu kabla kiungio hakijapakwa kinga ya kutu na kushushwa majini. Hapo niliona wivu. Katika mradi mmoja niliofanyia kazi, filamu za eksirei za weldi zetu zilirudi siku ya tatu zikionyesha kasoro, mtaro ukiwa umekwisha kufukiwa, tukafukua kwa majembe.

Meli hujishikilia kwa mapangaboi yake, bila nanga. Hata hivyo haifai kila mahali: karibu na pwani ya Urusi, kwenye kina kifupi, ilibidi meli ndogo zaidi, Audacia, itangulie kutandaza, kisha sehemu yake na ile ya kina kirefu zikaunganishwa Juni 2017, Rais Putin akiwa melini kushuhudia.

Kwa mamia ya kilomita za kina kirefu ningeichagua bila kusita. Kwa bomba kama lile la gesi la Songo Songo, Tanzania, lenye kilomita 25 hivi baharini, gharama ya kuileta tu isingelipika.