Tahadhari: Muuza mitambo ya mafuta ya mchaichai sasa yuko njia ya Witu na Mpeketoni

Assalamu aleikum jamaa zangu wa Malindi na Magarini, na hasa nyinyi wa upande wa Lamu. Naomba msome mpaka chini, na mumsomee asiyejua kusoma. Jana usiku binamu yangu alinitumia picha ya bango lililobandikwa karibu na steji ya Witu, na bango lile nalijua herufi kwa herufi: "Lima mchaichai, kamua mafuta, soko tunalo." Kwetu lilibandikwa ukutani mwa duka miezi kumi na minne iliyopita. Kikundi chetu cha watu 24, wengi wao kina mama, kimeshalipa shilingi 273,000, na mpaka leo hatujauza hata tone.

Mimi ndiye katibu wa kikundi. Sahihi ya tatu kwenye mkataba ni yangu, kwa hivyo siwezi kunyamaza.

Jina la yule bwana siliandiki. Alilotupa sisi silo alilowapa wenzetu wa upande wa Gongoni, na nambari ya simu ameibadilisha mara tatu tujuavyo. Ukishikilia jina, atakuja na jingine na utamwekea kiti. Mjueni kwa mwendo wake.

Siku ya kwanza haji na mtambo. Huja na chupa ndogo ya rangi ya kahawia. Tulikaa barazani baada ya swala ya alasiri, akapitisha chupa, kila mtu akatiwa tone moja nyuma ya mkono. Harufu ilikuwa nzuri wallahi. Mama mmoja alisema inamrudisha kwenye arusi za zamani, mrashi ukipita kwa wageni. Kisha akaanza kusema, na mengi aliyosema ni kweli: kwamba mafuta ya mchaichai yanatiwa kwenye sabuni na marashi, kwamba yana kitu kiitwacho sitrali ambacho viwanda hukitumia hata kutengenezea vitamini A, kwamba mahoteli ya hapa Malindi yana vyumba vya kukandia wageni na hununua mafuta ya aina hii. Tuliponasa ni hapo. Tulipima yale tuliyoyajua, tukayaona sawa, tukamwamini na kwa yale tusiyoyajua.

Tusiyoyajua yalikuwa ni hesabu. Alisema pipa moja la majani linatoa lita mbili za mafuta, na kwamba yeye mwenyewe atanunua kila lita kwa shilingi 9,000. Ukipika mara mbili kwa siku una shilingi 36,000. Watu walianza kuhesabu karo za watoto pale pale.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mchaichai mbichi hutoa mafuta kiasi cha asilimia 0.2 hadi 0.5 ya uzito wake. Yaani kilo 100 za majani, gramu 200 hadi 500 za mafuta, na hiyo 500 ni shamba zuri, majani yamekatwa wakati wake, mtambo ni mzuri na mpishi anajua kazi. Chukua asilimia 0.3. Lita moja ya mafuta haya ina uzito wa kama gramu 890, kwa hivyo kuipata unataka majani karibu kilo 300. Pipa letu la lita 200 tulilishindilia kwa miguu likapokea kilo 42. Hapo ni kupika mara saba ili upate lita moja, na kila mpiko ni saa mbili hadi tatu motoni, mbali na kupakia, kupakua na kungoja pipa lipoe. Lita mbili kwa pipa moja ni kitu kisichowezekana popote duniani. Nyasi haina mafuta hayo ndani yake.

Laiti mtu angetuambia hesabu hii siku ile! Mtoto wa darasa la saba angeifanya. Lakini hakuna aliyekuja na mizani, na yeye hakuleta.

Malipo yalikwenda hivi. Usajili, shilingi 1,500 kila mtu. Miche 6,000 ya kutosha nusu ekari, shilingi 12 mche mmoja. Mtambo, shilingi 165,000. Zote zilitumwa kwa simu kwa nambari ya mtu binafsi, kwa maelezo kwamba akaunti ya kampuni "inafanyiwa marekebisho". Fedha za mtambo zilitoka kwenye akiba ya chama chetu cha kila wiki, na nyingine tulikopa. Kuna mama alitoa fedha alizokuwa amezitenga kwa matibabu ya mumewe. Sitasema zaidi juu ya hilo.

Miche kwanza. Kwetu pwani mchaichai uko nyuma ya bafu karibu kila nyumba, unanyweshwa na maji ya kuogea. Kisiki kimoja kilichokomaa unakigawa mashina ishirini, hata thelathini, na kila shina likiwa na mzizi hushika. Hakukuwa na haja ya kununua hata mche mmoja. Lakini alituambia wa nyumbani ni "mbegu dhaifu", mafuta yake hayanunuliki. Ilipofika mwezi wa nne, shamba likaanza kuonyesha mambo yake: kama thuluthi moja ya visiki ilikuwa na mashina mekundu chini, majani mapana zaidi, na harufu kali ya kama sabuni ya kufulia. Mzee mmoja alichuma akatia kwenye chai, akaimwaga. Tulikuja kujua baadaye kwamba ile ni sitronela, ndugu yake mchaichai, inayosifika kwa kufukuza mbu. Haina ubaya wake, ina soko lake la peke yake. Ila ukiipika pamoja na mchaichai unapata mafuta ambayo si haya wala si yale, na mnunuzi yeyote anayejua kazi atayakataa. Nadhani alijua. Sina ushahidi, lakini nadhani alijua, maana ndiyo sababu aliyoitumia kukataa chupa yetu ya kwanza.

Mtambo ulifika na gari la mizigo usiku, yeye hayupo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mtambo ndio unaobeba fedha nyingi na ndio anaoutegemea.

Mtambo wa mafuta si muujiza. Mvuke unapita kwenye majani, unabeba mafuta, unaingia kwenye bomba lililozamishwa ndani ya maji baridi, unageuka maji tena, na mafuta yanaelea juu. Aliyewahi kuona piwa, ile pombe haramu, ikipikwa vichakani ameuona mtambo huu. (Kwa hivyo, hata ukiwa na mtambo halali, mjulishe chifu mapema. Sisi tuliletewa askari siku ya pili, ikabidi wanuse wenyewe ndipo waondoke.)

Wetu ulikuwa pipa la zamani la rangi, lililopakwa fedha kwa nje. Ndani kulikuwa na maganda ya rangi na kutu. Mafuta ya mpiko wa kwanza yalitoka ya kahawia na yenye harufu ya chuma. Chombo cha kazi hii kinatakiwa kiwe cha chuma kisichoshika kutu, au shaba. Bomba la kupozea lilikuwa fupi, mizunguko mitatu tu ndani ya ndoo, na baada ya dakika ishirini maji ya ndoo yalikuwa ya moto na kijiji kizima kinanukia mchaichai. Tulifurahi! Watu walikuja kupongeza. Hatukujua kwamba harufu ikijaa uwanjani ni mafuta yenyewe yanakwenda na upepo. Tulipata kikombe kimoja cha kahawa chungu, hakikujaa.

Na lililonitia hofu zaidi: mfuniko ulifungwa kwa boliti pande zote, bila tundu wala vali ya kutolea mvuke. Mpiko wa tatu majani yalipanda yakaziba mdomo wa bomba. Pipa likaanza kuvimba na kulia. Kijana mmoja alivuta kuni zote kwa mikono yake akaungua viganja. Lingelipuka, leo ningekuwa naandika habari nyingine. Kama una mtambo wa mtu huyu, tafadhali usiuwashe mpaka fundi wa kuchomelea aweke tundu la usalama na wavu chini ya mfuniko. Hili nalisema hata kwa aliyeridhika naye.

Halafu kuna maji. Alipotupigia hesabu ya faida hakutaja maji ya kupozea hata mara moja, wala kuni. Sisi tuko mbali na mto Sabaki, tunanunua maji kwa mtungi. Ukiyazungusha kutoka tangi kubwa na kuyaacha yapoe yanatumika tena, hilo ni kweli, lakini tangi ni gharama. Na majani yaliyokwisha kupikwa ukiyaanika unayatumia kuwashia mpiko ujao, jambo tuliloligundua wenyewe kwa shida ya kuni.

Mkataba uliandikwa kwa Kiingereza, kurasa nne. Ulisema kampuni itanunua mafuta "yaliyokidhi viwango vyake". Viwango gani, havikuandikwa. Nani atapima, wapi, ndani ya siku ngapi, hakuna. Tulipompelekea chupa ya kwanza alitwambia imechanganyika. Ya pili, rangi mbaya. Ya tatu hakujibu. Ile chupa yake ndogo ya siku ya baraza tulikuwa tumebaki nayo, na mwalimu mmoja akatufundisha kutia tone kwenye karatasi nyeupe na kuliacha hadi siku ya pili. Mafuta safi ya mchaichai huruka, hayaachi doa la mafuta linalong'aa. Tone lake liliacha doa kama la sambusa. Alikuwa ametia mafuta ya kupikia. Jueni pia kwamba mtihani huu wa karatasi unakamata mafuta ya kupikia tu. Akichanganya na spiriti au harufu ya kiwandani, karatasi haitakwambia kitu, hiyo ni kazi ya maabara.

Mtambo ulikuwa na kibandiko cha KEBS, shirika la viwango, pia. Tulichelewa kukihakikisha. Ukikutana na kibandiko kama hicho, tuma neno SM# likifuatwa na namba ya kibali kwenda 20023, utajibiwa namba hiyo ni ya nani. Ya kwetu haikuwa ya mtambo. Na kampuni yoyote inayojiita kampuni unaweza kuombea taarifa za wakurugenzi wake, CR12, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa ada ndogo. Tulipoomba, jina lile halikupatikana kabisa.

Mimi mwenyewe sasa nayaona wazi. Fedha zake zilitoka kwa miche, usajili na mapipa. Mafuta hakuyahitaji hata siku moja, na hakuna mahali alipojiandaa kuyapokea. Waliofuga kware mwaka 2013 na 2014 wananielewa: faida ilikuwa kwa aliyewauzia ndege wapya, basi.

Nawaomba msimshambulie kijana wa kwetu aliyekuwa akitukusanya. Alipewa kamisheni kidogo, kisha naye akanunua miche ya ekari nzima kwa fedha za mama yake. Ameliwa kama sisi.

Tumeandikisha polisi na tuna namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Tumeambiwa pia kuna mahakama ya madai madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Kikwazo ni kumpata wa kumpelekea hati. Kwa hivyo kila aliyelipa, Gongoni, Marafa, Langobaya, popote, asifute ujumbe wa M-Pesa wala sauti za WhatsApp, na aende kituo cha karibu aandikishe lake. Mtu mmoja akilalamika ni ugomvi, watu mia wakilalamika ni kesi. Asiyetaka kuonekana kituoni apige simu ya DCI, idara ya upelelezi, 0800 722 203, haina malipo.

Wengine mtaniuliza kama mchaichai wenyewe ni uongo. Hapana. Tumeng'oa sitronela tukaipanda ukingoni, mchaichai tumeuacha, na sasa tunauza mafungu mabichi sokoni na yaliyokaushwa kwa wenye migahawa. Hukatwa kiganja kimoja juu ya ardhi, na baada ya miezi miwili au mitatu umesimama tena. Mafuta tutarudi kuyapika siku tukiwa na chombo cha haki na mnunuzi tuliyemwona kwa macho, anayetaja kiasi anachotaka na kulipa mzigo wa kwanza kabla hatujapanda wa pili. Na tutayaweka kwenye chupa za kioo cheusi, kwa sababu yale ya mwanzo tuliyoyatia kwenye chupa za plastiki yaliharibika.

Kwa nyinyi wa Witu na Mpeketoni: mkiitwa, mwambieni apike mbele yenu, kwa mtambo ule ule anaouuza, majani mliyoyakata nyinyi na kuyapima nyinyi. Sisi tulipomwomba hivyo, siku tulipokuwa tumeshalipa, alisema mtambo wa maonyesho uko Nairobi. Bango linasema mkutano ni Jumamosi saa nne asubuhi. Aliye karibu aende, na abebe mizani.