Jimu ya Nyakato: kocha anayeanza na mgongo

Anayetafuta kiyoyozi na mashine zinazong'aa asije huku. Jimu hii ya Nyakato, Mwanza, ni banda la bati lenye feni moja, na vyuma vingi ni zege lililomwagwa kwenye makopo ya rangi. Naipa nyota nne kati ya tano, zote kwa ajili ya kocha.

Mimi ni fundi cherehani, kutwa nimeinama. Jimu niliyotoka ratiba ilikuwa kifua Jumatatu, mikono Jumatano, kifua tena Ijumaa. Kifua kilikaza, mabega yakazidi kuja mbele, na la kulia likawa linauma kila nikinyoosha mkono kushusha kitambaa rafuni.

Huyu kocha, kabla ya kunipa uzito wowote, alinitazama nikiwa nimesimama ubavu, akanichuchumalisha, kisha akanivutisha dambeli mkono mmoja mmoja. Kulia nikafika mara 12, kushoto nikagota kwenye 8. "Dada, wa kushoto ndio utakuwa unatangulia," akasema. Mpaka leo mkono dhaifu unaanza, wa kulia unafuata kwa idadi ileile, hata kama bado una nguvu.

Tunafanya mwili mzima siku tatu kwa wiki, na kati ya siku na siku kuna mapumziko. Kwangu mimi, kila seti moja (yaani mzunguko mmoja wa kurudiarudia zoezi) ya kusukuma ina mbili za kuvuta: kuvuta baa, ile fimbo ya chuma, nikiwa nimeinama, kujivuta kwenye bomba, na mpira wa kuvutia usoni kwa ajili ya bega la nyuma. Miguu nayo haiishii kwenye skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, ambayo kazi yake kubwa ni paja la mbele. Tunainua chuma kutoka chini nyonga zikirudi nyuma, ili paja la nyuma na makalio nayo yafanye kazi.

Kila baada ya wiki sita hivi ratiba inabadilika, ila si yote. Skwati inabaki, idadi ya kurudia kwa seti inashuka kutoka 10 hadi 6 na uzito unapanda. Mazoezi madogo ndiyo yanayobadilishwa. Hapo ndipo ninapomkubali. Ukibadilishiwa zoezi kila wiki utatoka jasho, sawa, lakini utajuaje kama nguvu zimeongezeka? Yeye ana daftari, na uzito wa kila mtu umo. Hata makopo ya zege aliyapima kwenye mizani ya duka la nafaka, akayaandika kilo zake kwa rangi.

Nyota iliyopungua ni ya chumba cha wanawake cha kubadilishia nguo. Hakipo, na hili nimewaambia waziwazi kwamba halikubaliki. Dambeli nyepesi nazo ni chache, jioni mnasubiriana.

Bega langu haliumi tena, na kushoto sasa nafika 12.

Bei ni shilingi 3,000 kwa siku, au 40,000 kwa mwezi pamoja na ratiba. Nenda kabla ya saa mbili asubuhi, kocha anakuwa na nafasi ya kukupima vizuri.