Steam Deck au ROG Ally? Miezi minane yangu ya Kimara hadi Posta

Nilizunguka Kariakoo Jumamosi mbili nikitafuta kompyuta ya gemu ya kushika mkononi. Wengi wanakuonyesha vile vidude vya bei chee vyenye gemu za zamani mia kadhaa. Ukisema unataka inayoendesha gemu za kompyuta kabisa, wanabaki wauzaji wawili watatu, nao wanaagiza Dubai. Mmoja aliniapia kwamba Steam Deck "inapiga kila kitu, bosi." Hilo neno lake nitalirudia.

Lenovo Legion Go niliitoa mapema. Skrini ya inchi 8.8 inavutia, lakini gramu 854 ukizishika hewani robo saa, viganja vinaomba poo. Zikabaki Steam Deck OLED na ROG Ally ya 2023. Binamu yangu wa Tabata anayo Ally, nikaiazima wiki nzima.

Kwa nguvu, Ally inaiacha Deck mbali, wala sibishani. Tatizo ni betri: ina watisaa 40, yaani inaweza kutoa wati 40 kwa muda wa saa moja, na ukiiachia chipu ile wati 25, piga hesabu mwenyewe. Ni muda wa saa moja na nusu tu, na hapo skrini bado hujaihesabu. Umeme ukikatika saa mbili usiku, saa tatu na nusu unabaki na mbu tu. Deck OLED ina watisaa 50 na chipu yake haivuki wati 15. Gemu nyepesi zinanipeleka usiku mzima, nzito kwa muda wa saa tatu hivi. Ipo Ally X ya 2024 yenye watisaa 80, ila ilitoka kwa dola 799 Marekani wakati Deck OLED ilianzia 549, na hapo ushuru na faida ya mleta mzigo bado.

Powabanki ya simu haifui dafu, jamani. Chaja ya Deck ni ya wati 45, ya Ally 65. Mimi nilichomeka ile yangu ndogo nikaona asilimia zinashuka huku alama ya chaji inawaka.

Kilichoniamulia hasa ni Mwendokasi, yale mabasi ya haraka ya Dar. Ukipandia Kimara Mwisho alfajiri unapata kiti. Natoa Deck, nabonyeza kitufe, gemu inaendelea pale pale nilipoiacha jana. Tukifika Manzese watu wakijaa mpaka begani, nabonyeza tena, naitia ndani ya begi. Ally inatumia Windows. Mara mbili niliilaza, nikaikuta ndani ya begi inachemka kama pasi, feni inalia, betri imekwisha.

Bando nalo. Gemu kubwa ni GB 100 na zaidi, huwezi kuishusha upya kwenye kila kifaa. Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, inaruhusu kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa Wi-Fi ya ndani. Kwa hiyo nashusha usiku kwenye laptopu ya mezani, asubuhi nahamishia Deck bila kugusa bando tena. Hili peke yake limeniokolea hela nyingi kuliko punguzo lolote la Kariakoo.

Sasa lile neno la muuzaji. Deck inatumia SteamOS, ambayo ni Linux, na FC 25, ile gemu ya mpira, ina kizuia udanganyifu kisichokubali Linux. Haifunguki. Fortnite vilevile. Unaweza kuiwekea Windows, lakini hapo umeitupa ile raha ya kubonyeza na kulaza niliyoinunulia. Nilijua haya siku ya tatu, hela imeshakwenda, na mimi ndiye niliyewaahidi vijana wa nyumbani mpira.

Basi Jumapili jioni binamu anakuja na Ally yake, tunaichomeka kwenye TV pamoja na pedi mbili, makelele mpaka jirani anagonga ukuta. Deck yangu imelala juu ya kabati. Wiki iliyopita mdogo wangu aliiangalia, akaniangalia mimi: "Kaka, kwani hii yako inacheza nini?"