Tulichagua Naxos kwa ajili ya Mama: uzoefu wangu wa siku tisa

Kiangazi cha 2025 Mama alitoka Pangani kuja kukaa nasi Hamburg miezi miwili. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na ombi lake lilikuwa moja tu: popote tutakapokwenda, aione bahari, maana mto Elbe hakuukubali kuwa ni maji ya kutembelea. Mimi na mume wangu tulishakata shauri la kwenda Ugiriki na watoto, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa minne. Kilichobaki ni kisiwa kipi, na hilo lilitula jioni za wiki tatu nzima. Naandika kwa sababu nilipokuwa natafuta sikumpata mtu aliyeeleza jambo hili kwa Kiswahili, kwa jicho la mtu wa pwani anayesafiri na mzazi.

Kwanza viza, kwa anayemleta mzazi kutoka nyumbani. Mama aliomba viza ya Schengen kupitia ubalozi wa Ujerumani Dar es Salaam, kwa kuwa huku ndiko alikokuwa anakaa siku nyingi zaidi. Ada ni euro 90, na bima ya safari lazima ilipe angalau euro 30,000. Viza hiyohiyo ndiyo iliyomfikisha Ugiriki. Kati ya Hamburg na Athens hakuna kugongewa muhuri, ila pasipoti yake na vibali vyetu vya ukaazi tulivishika mkononi muda wote.

Sasa visiwa. Kila niliyemuuliza alinijibu Santorini. Ni kweli hakuna panapofanana napo: ukingo wa volkano iliyolipuka zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, na nyumba nyeupe zimejipanga juu ya jabali. Lakini hebu fikiria mzee mwenye magoti mabovu. Bandari ya zamani iko chini, mji wa Fira uko juu, na kati yao kuna ngazi karibu 600. Usipopanda ngazi au punda, unapanga foleni ya kigari cha kamba pamoja na abiria walioshushwa na meli za kitalii. Tena Februari mwaka huohuo kisiwa kilitikisika kwa matetemeko mfululizo, na watu zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa muda. Sisi tulikuwa tunatafuta tiketi wiki hizohizo. Mykonos tuliifuta haraka, bei zake na kelele zake za usiku si za familia yetu. Krete nilikitamani sana, lakini ni kikubwa mno: kutoka Chania mpaka upande wa mashariki ni safari ya siku nzima kwa gari, na Mama hutapika kwenye kona. Kisiwa kilichonigusa moyo ni Rhodes, kwa ajili ya mji wake mkongwe na Msikiti wa Ibrahim Pasha ambao mpaka leo unasaliwa. Tiketi za wiki zetu ndizo zilizotushinda. Tutakwenda, inshallah.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia mapema, na ndilo ninalotaka ulishike, ni upepo. Mwezi wa saba na wa nane bahari ya Aegean inavuma upepo wa kaskazini, wenyewe wanauita meltemi. Mbingu inakuwa safi, jua kali, halafu upepo unaanza kabla ya adhuhuri na unaweza kudumu siku nne, tano, bila kulegea mpaka jioni. Nilipomweleza Mama alishangaa: "Kaskazi mwezi wa saba? Kwetu si ni kusi saa hizi?" Tangu hapo akawa anauliza maswali ambayo mimi sikuwa nimeyafikiria. Pwani ya kisiwa inatazama wapi? Mlima uko upande gani? Bandari inakinga nini? Ukiwa na mtoto wa miaka minne, pwani inayotazama kaskazini wakati wa meltemi ni mchanga wa kuchapa miguu na mawimbi ya kumwangusha. Asiyeupenda upepo kabisa aende Corfu na visiwa vya Ionia upande wa magharibi, kule meltemi haifiki. Sisi tulichagua Naxos: kikubwa kuliko vyote vya Cyclades, kundi la visiwa vya katikati ya Aegean, kina milima katikati, na pwani zake nzuri zimejipanga upande wa magharibi na kusini-magharibi. Uwanja wake wa ndege ni mdogo, unapokea ndege ndogo za ndani tu, na nadhani hilo ndilo linaloupa mji nafasi ya kupumua.

Athens tulilala usiku mmoja, tukaondoka bandari yake ya Piraeus na meli ya Blue Star ya saa moja na nusu asubuhi. Kutoka uwanja wa ndege treni inakwenda moja kwa moja mpaka Piraeus, tiketi euro 9 kwa mtu mzima. Ninaisifu meli kubwa bila kusita. Mama alipandishwa kwa ngazi ya umeme, akakaa kwenye kiti cha kitambaa karibu na dirisha, na watoto wakapata sitaha ya kukimbilia. Safari ilichukua saa tano na kidogo, tukapitia Paros. Onyo langu ni la kushuka. Meli haikai bandarini. Dakika chache tu, mlango wa nyuma unafunguliwa huku minyororo ikilia, na watu, magari, pikipiki na mizigo vyote vinatoka kwa pamoja. Mwenye mzee ateremke chini mapema, asimame pembeni karibu na ukuta, awaache wenye haraka watangulie. Kijana mmoja wa meli alimshika Mama mkono mpaka nchi kavu bila kuombwa.

Halafu tukapata pigo. Chumba tulichokodi kiliandikwa "dakika mbili kutoka bandarini", na kweli kilikuwa karibu, lakini ndani ya vichochoro vya Kastro, ngome waliyoijenga Waveneti katika karne ya 13. Ni mahali pazuri mno, vichochoro vyembamba vyenye kivuli, Mama akasema kama anapita Mji Mkongwe wa Unguja. Ila kutoka njiani mpaka mlangoni nilihesabu ngazi 53, nyingine zimelika katikati na hazina pa kushika. Tangazo halikutaja hata moja. Mama alipanda mara moja, akakaa kitandani, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mimi hapa nimefika, sishuki tena." Mwenye chumba alikataa kurudisha fedha za usiku wa kwanza na wa pili. Iliniuma, kwa sababu kwenye ujumbe nilikuwa nimeandika wazi kuwa nakuja na mzee. Kwa hiyo popote utakapokodi visiwani, uliza idadi ya ngazi, kwa maandishi, kabla ya kulipa.

Kesho yake tulihamia Agios Georgios, pwani ambayo kutoka mjini unafika kwa miguu. Huko tukapata chumba cha chini kwa bibi mmoja mwenye nyumba, wa rika la Mama, na siku nane zilizobaki zikawa raha tupu. Maji ya Agios Georgios ni ya kina kifupi. Mtoto wetu mdogo alikwenda mbele hatua nyingi sana na bado yako magotini. Upepo unakuwepo, na upande wa kusini wa ghuba wanateleza na matanga, lakini kona ya karibu na mji inakingwa. Siku ambazo meltemi ilizidi tulipanda basi la KTEL, ndiyo mabasi ya abiria ya kule, kituo chake kiko pale bandarini, tukaenda Agios Prokopios, ambako maji ni meupe kama kioo na kuna utulivu zaidi. Angalizo: mchanga wake ni wa punje kubwa na kina kinaanza mapema, usimwachie mtoto mkono. Plaka ni ndefu na nzuri, lakini siku tuliyokwenda sisi mchanga ulikuwa unaruka.

Siku ya pili pwani Mama aliketi kwenye kiti kuanzia saa tatu asubuhi, anatazama jiwe moja lililotokeza majini. Saa nane mchana akaniita. "Hivi maji ya hapa yanapwa saa ngapi?" Kwetu Pangani wakati wa bamvua maji yanashuka mita tatu na zaidi, akina mama wanatoka na vikapu kwenda miambani. Nikamweleza kwamba bahari hii haipwi wala haijai kama yetu, tofauti yake ni ndogo hata huioni kwa jicho. Hakuniamini mpaka siku ya nne, jiwe lilipokuwa bado palepale, limelowa mstari uleule. Alisikitika kidogo. "Bahari isiyopwa, watu wake wanaokota nini?" Swali hilo amerudi nalo mpaka nyumbani.

Chakula. Kwa Muislamu jambo la kwanza kujua ni kwamba souvlaki na gyros, vile vya kununua njiani, mara nyingi ni nguruwe. Neno la kulitafuta kwenye orodha ni hirino. Kuku ni kotopoulo, kondoo ni arni. Na hata kuku huyo hujui kachinjwa vipi, kwa hiyo sisi tuliamua mapema: samaki, pweza, na vitu vya shambani. Hatukujuta. Naxos ni kisiwa cha wakulima, viazi vyake vinasifiwa Ugiriki nzima, na jibini yao ya graviera watoto waliila kama mkate. Maharage makubwa meupe ya kuoka na nyanya, wanayaita gigantes, Mama aliyapenda kupita vyote. Mkate huletwa mezani bila kuagiza na hulipiwa, si wizi, ndiyo desturi yao.

Pweza ndiye aliyemfurahisha kuliko hekalu lolote. Mbele ya mgahawa mmoja ufukweni walikuwa wametundikwa kwenye kamba kama nguo, mikia inaning'inia, jua linawakausha kabla ya kwenda kwenye makaa. Mama alisimama, akamshika mmoja kwa vidole viwili, akaminya. Mpishi akatoka, akatuonyesha kwa ishara jinsi anavyompiga jiwe. Mama naye akamwonyesha kwa ishara jinsi wanavyompiga kwetu. Hawakuwa na neno hata moja la kuelewana, wakacheka wote wawili kama majirani. Tulikula pale mara tatu. Pweza alikuja na siki, mafuta ya zaituni na limao, hakuna kingine. Mama alisema kapigwa sawasawa, ila angepata tui la nazi angekuwa mtu mwingine.

Portara nendeni jua linapozama, hata kama kuna watu wengi. Ni mlango wa marumaru wa kama mita sita, umesimama peke yake kwenye kijisiwa kilichounganishwa na bandari kwa njia ya mawe. Wenyewe walianza kulijenga hekalu la Apollo kama mwaka 530 kabla ya Kristo na hawakulimaliza. Upepo ukivuma, mawimbi yanarukia njia na mawe yanateleza. Mama aliutazama kutoka benchi la bandarini na alisema alionea vizuri palepale. Tulikodi gari siku moja tu, tukapita Halki na kupanda mpaka Apeiranthos, kijiji cha milimani ambacho hata njia zake zimetandikwa marumaru. Hekalu la Demeter karibu na Sangri ni zuri na njia yake si ya kupanda sana. Mume wangu na mtoto mkubwa walikwenda Santorini asubuhi wakarudi usiku, wakaleta picha nzuri na habari za foleni.

Gharama ndogondogo zinazoshtua: kuna ada ya serikali ya mabadiliko ya tabianchi, unailipa pale unapolala, kwa kila chumba kwa kila usiku, na inategemea daraja. Mwaka 2025 hoteli ya nyota tatu ilikuwa euro 5 katika miezi ya kiangazi. Viti na miavuli ya ufukweni hulipiwa, lakini kila pwani tuliyokwenda ilikuwa na sehemu ya kutandika kanga bure. Karatasi ya chooni haitupwi chooni, inawekwa kwenye ndoo, mabomba yao ni membamba. Na msifike karibu na tarehe 15 Agosti bila tiketi mkononi, ni sikukuu yao kubwa ya Bikira Maria, na meli hujaa, hasa za kwenda Tinos.

Kurudi tulikuwa tumekata boti ya kasi, kwa tamaa ya kuokoa saa moja na nusu. Usiku wa kuamkia safari upepo ulipiga madirisha mpaka alfajiri, na asubuhi ujumbe ukaja: boti haitoki. Fedha zilirudishwa baada ya siku kumi na moja. Nilikimbilia kwa wakala wa tiketi bandarini, nikapata nafasi tano za mwisho kwenye meli kubwa ya siku hiyo, tukawahi ndege kwa sababu tulikuwa tumeacha usiku mzima wa kulala Athens kabla ya kuruka. Usiku huo msiufute kwenye ratiba yenu hata mkiona ni fedha ya bure.

Bibi mwenye nyumba alitusindikiza mpaka barabarani na mfuko wa tini kutoka mti wa uani kwake, akampa Mama. Mama akavua kanga aliyojifunga juu, akamtandia mabegani, akamsomea jina lililoandikwa pindoni pole pole, neno kwa neno, kwa Kiswahili, na yule bibi akayarudia.