Tangi na rili za chuma za kusafishia filamu: pesa yako iweke wapi?

Karibuni tena. Leo mezani kuna tangi la chuma na rili zake, yaani vigurudumu vyenye mifereji vinavyoshika filamu ndani ya tangi, vya kusafishia filamu ya milimita 35 nyumbani. Wenye haraka nawapa jibu kabisa: kama unaishi pwani kama mimi hapa Mombasa, pesa iweke kwenye rili ya chuma. Tangi chukua lolote, hata kuukuu, mradi halijabonyea mdomoni.

Kwa nini? Tazameni rili hii ya plastiki. Unazungusha huku na huku, filamu inajivuta yenyewe. Raha tupu, mpaka ipate unyevu. Mikono ikiingia kwenye mfuko wa giza, tunamopakilia filamu isipate mwanga, na joto letu hili, punde jasho limetanda, filamu inanata njiani, haiendi wala hairudi. Ya chuma haijali maji. Unaikung'uta, unaifuta, unapakia nyingine.

Sasa sogeeni muone. Chuma hupakiwa kuanzia katikati kwenda nje. Hii ni rili ya kampuni ya Hewes ya Uingereza, ina vimeno viwili hapa ndani vinavyonasa vitundu vya pembeni vya filamu. Ikishanasa, ibinye filamu kidogo kwa vidole ipungue upana, halafu zungusha rili, filamu usiisukume. Kila baada ya mzunguko irudishe nyuma kidogo. Ikicheza, imekaa. Ikigoma, imeruka mfereji, na pale tabaka mbili zinapogusana dawa haipiti, picha hiyo imekwenda. Ukiibinya sana nayo, inaacha alama za hilali kwenye negativu.

Hii nyingine, ya bei ya chini, ina kibanio cha waya tu. Filamu ikikaa upande kidogo pale mwanzo, yote inakwenda upande. Na ikianguka sakafuni ikapinda, basi tena. Yoyote utakayonunua, fanya mazoezi mchana kwa filamu mbovu, kwanza ukiangalia, kisha umefumba macho.

Tangi la rili moja linakula karibu mililita 250; la plastiki la Paterson linataka 290. Dawa ya kuagiza nje, tofauti hiyo utaiona. Halafu joto: filamu ya HP5 Plus kwenye dawa ya D-76 isiyozimuliwa ni dakika 7 na nusu kwa digrii 20, na maji ya bomba ya hapa digrii 20 hayazijui. Chuma ukikiweka kwenye beseni la barafu, dawa inapoa upesi. Ukikitoa, kinapata joto upesi vilevile, tena kiganja chako ndicho kinachokipasha, kwa hiyo kila ukimaliza kulitikisa tangi ili dawa ichanganyike, lirudishe majini.

Kinachonikera ni kumimina. Dawa inaingia polepole, lazima uliinamishe. Vifuniko navyo havibadilishani ovyo, kila tangi na chake. Kikikwama kwa baridi, kimwagie maji ya vuguvugu.

Ukipata la mtumba, lijaze maji, lipindue hapohapo mbele ya muuzaji. Kuvuja litavuja kidogo, mengi ndivyo yalivyo. Likimwaga, mwachie mwenyewe.