Kaunta ya Geiger na vumbi la hewani: uzoefu wangu wa miezi minane

Nina kaunta hii ya Geiger, kifaa cha kuhesabia mionzi, kwa miezi minane sasa, na niliinunua kwa kazi moja tu: kupima unururifu (utoaji wa mionzi) wa asili unaobebwa na vumbi laini la hewani. Kwa kazi hiyo naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imeponzwa na skrini, nitaeleza.

Niliichagua kwa sababu ya dirisha lake la ulanga, pana kama mdomo wa kikombe. Kaunta nyingi ndogo zina mrija wa kioo au chuma ambao chembe za alfa, mionzi isiyopenya mbali, haziwezi kuupenya. Utando huu wa ulanga ni mwembamba kiasi cha kupitisha alfa na beta, na gama pia (hizi ni aina nyingine mbili za mionzi). Uangalie kama mboni ya jicho: ukiutoboa, mrija umekufa.

Jaribio langu la kwanza nililifanya kwenye chumba cha chini kilichokuwa kimefungwa usiku kucha. Nilifunga karatasi ya kuchujia kwenye bomba la mashine ya kufyonza vumbi, nikaiacha ivute hewa kwa dakika 40. Kabla ya hapo kaunta ilikuwa ikihesabu mapigo 38 kwa dakika (pigo moja ni mnururisho mmoja ulionaswa). Karatasi ilitoka na doa la kijivu, hafifu kama alama ya kidole chenye majivu. Nikashusha dirisha juu yake: 410.

Kengele ya tahadhari ikalia, mama akaja mbio. "Mwanangu, tutoke humu?" Nikamwambia, "Hapana mama, kaa tuangalie pamoja." Baada ya dakika 40 tulisoma 224. Baada ya dakika 40 nyingine, 130. Tulipokwenda kulala ilikuwa imebaki kidogo tu juu ya 38.

Kushuka huko ndiko kunakokuambia umeshika nini. Ardhini kote kuna urani, na katika kuoza kwake (viini vya atomu vikigeuka vyenyewe huku vikitoa mionzi) hupatikana radiamu, kisha radoni, ambayo ni gesi na hupenya hadi kwenye nyufa za sakafu. Radoni yenyewe haikamatwi na karatasi. Wanaokamatwa ni watoto wake, yaani elementi zinazotokana na kuoza kwake: poloniamu-218, risasi-214 na bismuthi-214, ambao ni chembe za metali. Wakizaliwa tu hewani hujishikiza kwenye vumbi na moshi. Risasi-214 (ni metali, si risasi ya bunduki) hupungua nusu kwa takriban dakika 27, bismuthi-214 kwa dakika 20, kwa hiyo karatasi hupoa jioni ileile. Asubuhi nilikuta mapigo machache ya ziada yamebaki. Hayo naamini ni ya risasi-212, kizazi cha thoriamu (elementi nyingine ya ardhini yenye unururifu), ambayo huchukua saa 10 na zaidi kupungua nusu. Wanafizikia Wajerumani Elster na Geitel waliliona jambo hili mwaka 1901 kwa waya uliotiwa umeme hasi na kuachwa hewani, na mimi nimeliona mezani kwangu. Bado linanisisimua.

Jaribu pia baada ya mvua kubwa. Mvua huliosha vumbi la hewani na kulishusha pamoja na watoto wa radoni. Futa bati au kioo cha gari kwa karatasi laini mara mvua inapokatika, kisha pima papo hapo. Ukichelewa saa mbili, hukuti kitu cha maana.

Sasa skrini. Inageuza mapigo kuwa mikrosiverti kwa saa (kipimo cha dozi ya mionzi mwilini), na hesabu hiyo imewekwa kwa gama za sesiamu-137, chanzo cha mionzi cha kusawazishia vipimo. Ukiilaza juu ya karatasi inayotoa alfa na beta, namba ile haina maana yoyote, lakini ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa, na ndiyo inayopiga kengele. Kijitabu cha maelekezo hakisemi neno juu ya hilo. Mtu asiyejua ataihama nyumba yake bure. Nenda kwenye mipangilio, chagua mapigo kwa dakika, zima kengele. Kisha hesabu kwa dakika kumi, ugawe. Dakika moja pekee hubahatisha.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: kaunta ikionyesha 38 chumbani, usidhani umepima radoni. Hujaipima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza radoni isizidi bekereli 100 (mioozo 100 kwa sekunde) kwa mita ya ujazo, na radoni ni miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu baada ya sigara, kwa sababu chembe hizihizi ndizo zinazotua mapafuni. Kwa hilo unahitaji kipima radoni chenyewe, kinachoachwa chumbani kwa miezi. Karatasi yangu ya 410 ndiyo iliyonifanya nikiagize, na sasa kimekaa kule chini, wiki ya tatu.