Hema la kuvulia barafuni: kwenda liliingia kwenye Yaris, kurudi likagoma

Naanza na zipu, maana ndiyo inayonikosesha usingizi. Zipu ya begi, si ya hema. Hema lina zipu zake za mlango, nene, hazijanisumbua hata siku moja. Nasema ile ya begi la kubebea, iliyoachia mikononi mwangu jioni moja ya baridi hii, juu ya ziwa lililoganda, upepo unanichapa, na shemeji amelikalia hema kwa makalio yote mawili kama mtu anayefunga sanduku la bibi harusi.

Mimi ni mtu wa Mwanza, nimekulia karibu na mwalo wa Kirumba. Samaki kwangu ni sangara na sato, na ziwani mtu huingia kwa mtumbwi. Sasa naishi Minnesota, Marekani, ambako baridi ikikolea watu wanatembea juu ya ziwa, wanatoboa barafu kwa keekee, wanakaa juu ya ndoo na kungoja. Mara ya kwanza nilipompigia mama kwa video nikiwa huko, alinyamaza kwanza. Kisha akauliza, "Baba, hapo umesimama juu ya maji?" Nikamwambia ndiyo. Akasema nitoke haraka.

Shemeji ndiye aliyenitia kwenye mchezo huu. Msimu wetu wa kwanza tulivua bila hema na nikarudi nyumbani siwezi kufunga vifungo vya shati. Kwa hiyo hema lilikuwa lazima. Tatizo ni gari. Wavuvi wa huku karibu wote wana pikapu. Mimi nina Yaris, ile ambayo nyumbani tunaiita Vitz, na katika Yaris hiyo wanatakiwa kuingia watu wawili, keekee, ndoo, hita, mtungi wa gesi, viti viwili na hema.

Mwenye gari dogo ajue hivi. Kuna mahema yaliyofungwa juu ya beseni kubwa la plastiki la kuburuta kwenye theluji. Unakaa ndani ya beseni, unavuta turubai kutoka nyuma, linakufunika kama kofia ya kigari cha mtoto mchanga. Ni zuri mno, ila beseni halikunjiki. Nililipima kwa mkono tu pale dukani nikajua hilo si langu. Kuna na haya mengine yenye miti ya faiba inayokutana katikati ya kila ukuta: unashika kamba, unavuta, ukuta unaruka nje, po! Ukilikunja linakuwa refu na jembamba kama mkeka uliozungushwa. Langu nikilisimamisha linanifika kidevuni.

Muuzaji aliniangalia, akaangalia gari kupitia kioo, akasema, "Hili linaingia gari lolote." Nimelikariri neno hilo. Gari lolote.

Na kweli liliingia! Ukweli usemwe. Tulilaza viti vya nyuma, tukalipitisha kimshazari kutoka kona ya buti hadi ubavuni mwa kiti cha mbele, na shemeji akapata pa kukaa, japo magoti yalikuwa karibu na masikio. Nikamwona yule muuzaji ni malaika. Ningeandika maoni yangu siku ile mngesoma wimbo wa sifa.

Tukaenda Mille Lacs. Kwa wasiolijua, ni ziwa ambalo ukubwa wake unakaribiana na ule wa kisiwa cha Ukerewe, lakini maji yake si ya kina kirefu, ndiyo maana upepo hauna mzaha pale. Gari niliacha nchi kavu. Idara ya maliasili ya jimbo inasema inchi 4 za barafu nzuri zinatosha mtu kutembea, na gari dogo lipate inchi 9 hadi 10. Barafu siku hiyo ilikuwa nene kuliko hapo, wenzetu walikuwa wameegesha mapikapu yao katikati ya ziwa kama wapo sokoni. Mimi Vitz yangu siiweki juu ya maji. Mama angenilaani.

Hema lilisimama upesi kuliko nilivyotegemea. Shemeji alinifundisha kufunga kwanza upande upepo unakotoka, skrubu ndani ya barafu, ndipo uvute ukuta ule. Ukianza na upande mwingine utalikimbiza hema hadi ng'ambo. Tukawasha hita, tukaacha matundu ya hewa wazi maana hewa chafu ya hita inaua mtu huku anasinzia. Baada ya muda nilivua koti. Nje baridi ya kung'ata masikio, ndani nakunywa chai ya tangawizi nimevaa sweta! Shemeji alipata samaki wanne wa huku waitwao perch. Mimi nilipata mmoja wa aina nyingine, walleye, macho yake meupe kama kioo, tukamrudisha kwa sababu ziwa lile lina sheria zake kwa samaki huyo. Kwa saa hizo chache, hema lile lilikuwa ndiyo kitu bora nilichowahi kununua Marekani.

Halafu ikafika saa ya kuondoka.

Jambo ambalo muuzaji hakulisema, na ambalo ningepaswa kulijua mwenyewe kwa kuwa nimesoma fizikia hadi kidato cha nne: gesi ya hita ikiungua, pamoja na pumzi za watu wawili, hutoa mvuke, mvuke hushika kwenye kuta, na ukizima hita kuta zinakuwa bati. Tena mimi kwa tamaa ya joto nilichukua lile lenye kitambaa cha tabaka, lililotiwa pamba kama koti. Lile jepesi la tabaka moja lingekunjika vizuri zaidi. Juu ya hapo pindo la chini lilikuwa limegandia kwenye uji wa barafu uliomwagika kutoka kwenye matundu yetu ya kuvulia. Tulilibandua polepole, shemeji anainua, mimi nachokoa kwa mkono, naogopa kulichana.

Kulikunja tukalikunja. Lakini sasa mkeka umekuwa gogo. Tukalivisha begi mara tatu. Mara ya tatu shemeji akalikalia, nikavuta zipu, ikasema krrr, kisha meno yakaachana kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Bila begi, lile gogo halikubali kulala kimshazari. Linatanuka. Shemeji akashauri tuache mlango wa buti wazi tuufunge kwa kamba. Nikakataa, moshi wote wa ekzosi ungeingia ndani, na tulikuwa na safari ya zaidi ya saa moja na nusu hadi nyumbani Brooklyn Park. Basi hema likapewa kiti cha mbele, na shemeji yangu, mtu mzima, kaka wa mke wangu, alisafiri nyuma amejikunja juu ya ndoo ya samaki. Barafu ikayeyuka njiani. Kiti bado kinanuka.

Nilirudi dukani. Kijana wa kaunta hakuinua hata macho. Akasema hema lina dhamana, begi halina, kwa sababu begi ni kifungashio tu. Kifungashio! Kama mfuko wa sukari! Nikamwambia bila hilo begi hema haliingii kwenye gari, na mliniambia linaingia gari lolote. Akacheka kidogo, akasema wateja wao wengi wana pikapu. Sikumjibu. Nilivyolelewa, mtu akikujibu hivyo mbele ya watu unaondoka kabla hujasema la kujutia. Nilijuta kutosema.

Sasa nalifungaje? Shangazi kaja mbili. Moja inavishwa huku, nyingine kule, zinapandana katikati, nafunga kwa mikanda. Wazungu wanageuka kutazama. Likifika nyumbani nalianika sebuleni lisiote ukungu, na mke wangu amesema atakachofanya nikirudia, sitakiandika hapa.

Nilikusudia kulipa nyota moja. Nikikumbuka ile chai, nafikia nne. Nikikumbuka "kifungashio" narudi moja. Duka lenyewe sifuri. Kama una gari dogo, chukua lenye kitambaa chepesi, nunua begi lingine kubwa siku hiyo hiyo, na usilijaribu likiwa kavu tu.

Jumamosi tunarudi ziwani. Shemeji kanitumia ujumbe asubuhi: anauliza safari hii nani anakaa mbele, yeye au hema.